Sweta ya Mwezi wa Kumi

Kama wewe ni mtu wa milimani, umehamia bondeni, na una mtoto mchanga mkononi, nakuomba usome haya mpaka mwisho. Siyaandiki kwa sababu najua udaktari. Sijui. Nayaandika kwa sababu nusura nimpike mwanangu akiwa hai huku nikidhani namlinda, na hakuna aliyenizuia, maana kila mtu nyumbani mwangu alikuwa akinipenda.

Tulihamia Kibaoni katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu, Mwalimu Yohana, alipata uhamisho kutoka kwetu Makete kwenda shule moja ya wilaya ya Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa bado mkoa wa Rukwa. Makete asubuhi za mwezi wa sita majani huwa meupe kwa umande ulioganda. Mtu wa huko anazaliwa karibu na moto, anakua karibu na moto, na akiugua anasogezwa karibu na moto. Sikuwahi kuliona hilo kuwa ni desturi. Niliona ndivyo dunia ilivyo.

Tulifika mwezi wa saba nikiwa na mimba ya miezi sita. Mwezi wa saba bonde lile linadanganya. Asubuhi kuna ubaridi mtamu, mchele mpya uko sokoni, samaki wa Rukwa wamejaa, na mimi nikaandika barua nyumbani kwamba nchi ni nzuri. Mwezi wa nane upepo ukaanza kuleta vumbi. Mwezi wa tisa jua likashuka mpaka mabegani. Nyumba yetu ya mwalimu ilikuwa na bati tupu bila dari, na ikifika saa sita mchana bati lilianza kulia lenyewe, tak, tak, likitanuka. Nilitoka vipele vya joto chini ya matiti na shingoni. Miguu ikavimba, pete ya ndoa ikabidi itolewe kwa sabuni. Majirani walikuwa wanatandika mikeka uani jioni wanalala nje, nami nikawasengenya kwa Yohana, nikisema watu hawa hawana aibu. Mimi nilifunga madirisha saa kumi na mbili kamili kama nilivyolelewa.

Mama yangu alikuja mwisho wa mwezi wa tisa kuniuguza uzazi. Alisafiri siku nne, akashuka kwenye lori amevaa koti. Nilimwambia, "Mama, vua basi hilo koti." Akanijibu, "Joto hili ni homa ya nchi tu, litapita." Kwenye kikapu chake alikuwa amebeba sweta nne alizofuma mwenyewe, kofia mbili, soksi, na blanketi zito la kumfungia mtoto. Nililia kwa furaha nilipoziona. Nasema hivi ili usije ukadhani Mama alinilazimisha kitu.

Neema alizaliwa wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi, zahanati, bila shida yoyote. Kesho yake tukarudi nyumbani na Mama akanionyesha chumba alichoniandalia. Dirisha alikuwa ameliziba kwa gunia. Katika kona kulikuwa na jiko la mkaa linawaka. Kwa siku arobaini, alisema, sitoki humo ila kwenda chooni, tena nimejitanda. Nitakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, nitakunywa uji wa ulezi wenye pilipili manga, na sitagusa maji ya baridi, kwa sababu tumbo la mzazi liko wazi na baridi likiingia halitoki. Nilijua yote hayo. Nikapanda kitandani.

Kuna jambo jingine unapaswa kulijua. Katika familia yetu mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Mama alikuwa analala chumbani kwangu, kwa hiyo Yohana alihamia sebuleni. Alikuwa anasimama nje ya mlango asubuhi anasema, "Shikamoo, Mama. Wameamkaje?" na Mama anajibu, "Marahaba, baba, wazima." Anaacha mkaa, anaacha sukari, anakwenda shuleni. Mwanaume yule aliyekuwa anaishi hatua tano kutoka kwetu hakujua chumba kile kilikuwaje. Alininunulia mkaa wa kuniulia mtoto, gunia zima, akaona fahari kwamba hatupungukiwi.

Siku nne za kwanza nilitoka jasho mpaka godoro likalowa. Mama alifurahi, akasema uchafu wa uzazi unatoka. Siku ya tano kichwa kilianza kunigonga na misuli ya miguu ikawa inakaza yenyewe, inajikunja kama kamba, mpaka nang'ata mto nisipige kelele. Siku ya sita jasho likakata. Ngozi yangu ikawa kavu na ya moto, na mkojo wangu ukawa rangi ya chai bila maziwa. Mama akanigusa paji la uso, akaogopa. "Baridi limekuingia," akasema. Akaongeza mkaa.

Kiu ile siwezi kukuelezea vizuri. Nilikuwa naota mto. Nilikuwa nasikia ndoo ikitua uani nalia. Siku ya saba Mama alitoka kufua, na maji aliyomwogeshea mtoto yalikuwa bado kwenye beseni, ya vuguvugu, yana povu. Niliinama nikayanywa. Nikatapika kidogo, nikainama tena. Mama aliporudi nikamwambia beseni limemwagika, na akaenda kutafuta tambara la kupangusia sakafu ambayo haikuwa na maji. Mwanamke mzima, mama wa mtoto, naiba maji ya kuogea nyumbani kwangu mwenyewe. Na bado sikuwaza kwamba kosa liko kwenye chumba.

Wakati huo homa yoyote ilikuwa malaria, basi. Yohana alisikia mlangoni kwamba nina joto, akaenda dukani akaleta vidonge vya klorokwini, akavipitisha chini ya pazia. Nikavimeza na uji. Wanaokumbuka dawa ile wanakumbuka muwasho wake. Nilijikuna siku mbili, mikono, tumbo, nyayo, mpaka shuka likawa na damu, na homa haikushuka hata kidogo. Nilimaliza vidonge nikiwa hoi kuliko nilivyoanza.

Mtoto naye alikuwa analia. Alivaa fulana, sweta mbili, kofia na soksi, kisha blanketi juu yake. Maziwa yangu yalikuwa yanapungua, naona kabisa anavuta, anavuta, anaachia, anapiga kelele. Kilio chake kilikuwa kimeanza kukauka, hakina machozi. Nilikuwa nawaza jambo moja tu usiku na mchana, kwamba asife huyu. Mungu wangu, asife na huyu.

Siku ya kumi alikuja jirani yetu, Mama Kulwa, Msukuma mmoja mwenye mapacha na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Hodi humu! Mbona mmejifungia kama mnapika gongo?"

Alifungua pazia akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akaingia, akamwamkia Mama kwa heshima, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akalitazama jiko.

"Mayu, samahani. Nyie mnawasha mkaa humu ndani?"

"Mzazi anatakiwa joto," Mama akasema.

"Joto si liko nje, mayu, la bure kabisa. Hili la kununua la nini?"

Akamchukua Neema mikononi na uso wake ukabadilika. Hakutania tena. Alimvua kofia, akamvua sweta ya juu na ya chini, akampepea kwa khanga. "Mtoto anaungua huyu. Mama mwalimu, sikia. Mpe upepo, mnyonyeshe kila mara, na wewe unywe maji. Maji mengi, ya mtungini. Nimezaa saba huku huku, sikudanganyi." Mtoto akanyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akafumbua macho.

Mama Kulwa aliondoka. Mama alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akazitazama sweta zile kitandani, kisha akanitazama mimi. Mwishowe akasema taratibu, "Watu wa huku wamezoea, mwanangu. Wewe mwenyewe unajua." Hakuzigusa sweta. Nilizichukua mimi. Nilimvisha mwanangu sweta mbili na kofia, nikamfunga blanketi, akaanza kulia tena, nami nikajisikia nimefanya jambo jema.

Nitakwambia kwa nini. Kabla ya Neema tulikuwa na mtoto wa kiume, Amani. Alikufa Makete akiwa na miezi minane, katika baridi la mwezi wa saba. Alianza kwa kukohoa, homa ikapanda, mimi na Mama tukamfanyia kila tulilolijua, na alfajiri ya siku ya tatu akakata roho. Wanawake waliokuja msibani walisema nilimwogesha mlango ukiwa wazi. Walisema kwa upole, wakinishika mkono. Tangu siku hiyo, nikiona mlango wazi na mtoto ndani, moyo wangu unaruka. Hata bondeni, hata mwezi wa kumi, hata bati likilia juu ya kichwa changu.

Siku ya kumi na tatu Neema aliacha kulia. Mama akasema, "Ashukuriwe Mungu, amepoa." Mimi sikuwa na akili timamu. Nilikuwa naona umande ulioganda ukutani na namwomba Mama aufute. Lakini nakumbuka nilimgusa mtoto utosini, pale pasipo mfupa, na kidole changu kikakuta shimo. Nikataka kusema, ulimi ukawa umenata.

Kilichotuokoa ni kwamba Yohana ni mwalimu, na mwalimu huwa anasikia ukimya wa darasa kabla ya kelele zake. Alirudi mchana akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama. Mbona mtoto sijamsikia tangu asubuhi?"

"Amelala, baba."

"Naomba umwamshe. Nimsikie tu."

Mama alimtikisa. Alimtikisa tena. Kulikuwa kimya.

"Mama," Yohana akasema, "unisamehe. Naingia."

Akaingia. Mama alijifunika uso kwa khanga akageukia ukuta, kama mtu aliyevuliwa nguo. Yohana anasema joto la chumba kile lilimpiga kama amefungua tanuri la matofali. Alilibeba jiko kwa mikono yake akalitupa uani, makovu bado anayo. Alimfungua mtoto kwanza, kisha akaninyanyua mimi, na nilikuwa mwepesi, anasema, na mkavu kama karatasi.

Kulikuwa na lori la mpunga linakwenda Mpanda. Tulipandishwa juu ya magunia, mimi nimelazwa, Yohana amempakata mtoto aliyebaki na nepi tu, Mama amejikunja nyuma akituangalia kwa jicho la pembeni. Kwenye pori mbung'o walitushambulia, na abiria wakakata matawi ya kutupepea. Dereva alitoa dumu lake la maji. Yohana akaninywesha kwa kifuniko, kidogo kidogo, akamlowesha mtoto midomo, kisha akanimwagia maji mwilini. Mama alipiga ukelele, "Unamuua!"

Yohana aligeuka akamtazama usoni kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. "Mama, nyamaza," akasema. Mama akanyamaza.

Hospitali nakumbuka benchi. Lilikuwa refu, la mbao, na watu wamebanana juu yake wote wanamtazama mtoto wangu kisha wanaangalia pembeni. Mwanamke mmoja wa Katumba, mwenye mgonjwa wake mwenyewe, aliona utosi wa Neema akasimama, akaita kwa nguvu, "Wapisheni hawa!" na foleni nzima ikatupisha. Sikuwahi kujua jina lake. Namwombea mpaka leo kwa kusema tu yule wa kwenye benchi.

Nesi aliuliza mtoto alikuwa amevaa nini nyumbani. Yohana akavitaja kimoja kimoja. Sweta. Sweta. Fulana. Kofia. Soksi. Blanketi. Nesi akaacha kuandika. "Na jiko la mkaa," Yohana akamalizia, akitazama sakafu. Hawakutukaripia. Walimnyoa mtoto upande mmoja wa kichwa wakatafuta mshipa hapo, kwa sababu mikononi haukuonekana, na mimi nikawekewa dripu yangu kitanda hicho hicho. Walitufunika khanga mbichi. Walifungua madirisha yote. Daktari alisema tusubiri mkojo. Mtoto akikojoa, figo zipo. Asipokojoa, alisema, tutazungumza.

Basi tukaanza kusubiri mkojo. Dripu ya kwanza ikaisha, nepi kavu. Ya pili, kavu. Sijawahi kutazama kitu maishani kama nilivyotazama kile kitambaa. Nilikuwa natia mkono chini yake kila dakika mpaka nesi akaniambia namchubua.

Asubuhi ya pili upepo uliingia dirishani, na Neema akatetemeka kidogo usingizini. Nesi alikuwa upande wa pili wa wodi. Nilimwona Mama akinyanyuka kwenye kona yake, akatoa blanketi kwenye kikapu, akaja kumfunika. Alifanya kwa mikono ile ile ya upole. Nami nikapiga kelele. Nguvu sijui nilizitoa wapi.

"Usimguse! Ulimuua Amani, sasa unataka kummaliza na huyu!"

Wodi nzima iligeuka. Mama alisimama na blanketi mkononi. Alilikunja vizuri, kona kwa kona, akaliweka kwenye kikapu, akatoka nje. Nilimwona kwa dirishani akikaa barazani kwenye sakafu. Sikumwita. Nilikuwa na hasira ya mtu mwenye hatia, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote.

Alikaa hapo siku zote tulizokuwa wodini. Alikuwa anafua nepi, anamkabidhi Yohana mlangoni, anauliza, "Wameamkaje?" Yohana anamjibu, "Wazima, Mama." Sasa yeye ndiye aliyekuwa nje ya mlango.

Katikati ya dripu ya tatu nilitia mkono chini ya mtoto nikakuta unyevu. Sikuamini. Nikaunusa mkono wangu. Ulikuwa mkojo, mkali, mchache, wa rangi mbaya, na mimi nikaubusu. Nikamwita nesi kwa kelele hivi kwamba alidhani mtoto amekufa, akaja akikimbia. Yohana aliweka kichwa ukingoni mwa kitanda akalia mabega yakitikisika. Nesi alipiga makofi, akasema, "Haya, mama, huyu wa kwako."

Tulikaa siku tisa. Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa bado hospitali, na wagonjwa waliotembea walitoka nje kusimama chini yake. Niliporudi Kibaoni nywele zilikuwa zinadondoka kwa mafungu. Ziwa la kushoto halikurudisha maziwa. Miaka mitatu iliyofuata, bati likianza kulia saa sita, kichwa changu kinagonga na natafuta kivuli kama mbuzi. Neema yuko salama, ni mtu mzima sasa, ana mdomo mrefu. Kichwani, upande ule walioingiza sindano, pana kovu dogo ambalo nywele zinalificha.

Nikuambie nilichojifunza, ni kidogo tu. Joto halikwambii hodi. Mzazi akisema ana kiu, apewe maji, hata kama bibi zako wote watageuka makaburini. Jasho likikatika ghafla na mwili unaungua, usiongeze nguo, kimbilia watu wanaojua. Mtoto mchanga akinyamaza, usishukuru kabla hujamgusa. Na mwulize mwenyeji. Mama Kulwa alituambia kila kitu kwa dakika kumi, bure, nasi tukamwona mshamba. Nilipokwenda kumwomba msamaha alicheka tu, akanipa mkeka wa kulalia uani.

Mama aliondoka mwezi wa kumi na mbili, nchi ikiwa kijani. Sisi wawili hatukuwa tumelizungumza neno lile la wodini. Alikuwa anampakata Neema bila kumvisha nguo, anampepea, anamnywesha, anafanya yote kama nesi alivyosema, lakini alikuwa ananiomba ruhusa kwanza kabla ya kumshika. Nilimsindikiza mpaka gari la Sumbawanga. Yohana alipandisha kikapu chake, akasogea pembeni kwa heshima.

Mama alishika mlango wa gari, hakupanda. Alikuwa anatazama chini.

"Mwanangu, nataka kukuuliza. Yule wa kwanza. Siku ile homa ilipopanda, pale motoni, nilimfunika mablanketi mangapi?"

Konda alikuwa anatuhimiza. Nilimshika Mama mkono.

"Moja tu, Mama."

"Moja?"

"Moja."

Akapumua, akaniaga, akapanda. Yalikuwa manne, na la nne nililiongeza mimi.